Nani anamuuliza mwinjilisti? Uamsho, uongozi na zile namba za "waliookoka"

FUNDI MAHEMA

Wapendwa, heri. Uzi ni mrefu kidogo, asiye na muda auweke akiba.

Kwa miaka saba nilikuwa katibu wa kamati ya mikutano ya injili kwenye huduma ambayo sitaitaja, maana bado ina watu wema ndani yake. Kazi yangu ilikuwa ya mezani. Mhubiri akishaita watu mbele na kuwaongoza sala ya toba, mimi na vijana wangu tunapita na kadi na kalamu: jina, namba ya simu, unakaa wapi, unaokoka leo au unarudi kundini. Kadi zikilowa mvua tunazianika juu ya spika. Usiku tunazipanga kwa maeneo ili asubuhi wachungaji wa makanisa jirani wazichukue kwa ajili ya ufuatiliaji.

Mkutano mmoja ulipoisha tulihesabu mara mbili. Kadi za jioni zote tano hazikufika mia mbili. Wiki iliyofuata nikaona ripoti iliyokwenda kwa wafadhili: maelfu wamempokea Kristo. Nikamwendea mkubwa wangu nikidhani ni kosa la uchapaji. Akanijibu kwa upole kabisa: "Mtumishi, wewe unahesabu kadi. Sisi tunahesabu mikono." Na mikono yenyewe, jamani, ilikuwa ya watu wale wale jioni tano mfululizo, wakiwemo wanakwaya wetu walioinyoosha ili kuwapa wengine ujasiri.

Sikubisha. Nilibaki miaka miwili zaidi.

Tangu nitoke nasoma sana historia ya harakati hizi za uinjilisti. Kwamba ugonjwa huu ni wa zamani halikunishangaza. Lililonishangaza ni kwamba wakubwa wenyewe waliutambua, wakauandika, wakautia sahihi.

Mwaka 1948 Billy Graham, mwinjilisti wa Marekani, kijana wa miaka kama 30 hivi, alikuwa na mkutano Modesto, California. Aliwatuma wenzake vyumbani mwao, kila mmoja akaandike mambo yanayowaharibia wainjilisti jina. Waliporudi, orodha zilifanana karibu kila kitu: fedha, zinaa, kuyasema vibaya makanisa ya mahali, na kutia chumvi idadi ya watu. Wakapatana namna ya kujilinda na kila moja. Kwenye idadi walikubaliana kutumia makadirio ya polisi au ya wenye uwanja, hata pale walipoona yamepunjwa.

Hata hivyo fedha iliwakuta. Mwaka 1950 walipomaliza mkutano wa Atlanta, gazeti la mji likachapa picha mbili pamoja: Graham anapunga mkono akitabasamu, na wahudumu wamebeba magunia ya sadaka. Picha zile zilimchoma. Baada ya hapo akaachana na sadaka ya mwisho wa mkutano iliyokuwa ikienda kwa mhubiri, akapangiwa mshahara na shirika. Ona kilichombadilisha: mpiga picha wa gazeti, mtu ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kumwogopa.

Sasa njoo Lausanne, Uswisi, Julai 1974, mkutano wa kimataifa wa uinjilisti ulioitishwa na Graham. Zaidi ya wajumbe 2,000 kutoka nchi kama 150. Agano lao, yaani tamko walilotia sahihi, lina vifungu 15, na wengi wetu tunajua kile cha kwenda kwa mataifa yote. Kasomeni cha 12. Wanakiri kwamba kwa kutamani watu waitikie, wamewahi kuulegeza ujumbe, kuwasukuma wasikilizaji kwa mbinu za shinikizo, kujali mno takwimu na hata kuzitumia bila uaminifu. Hayo yaliandikwa zaidi ya miaka 50 iliyopita. Mimi nilipokuwa nabishana kimoyomoyo na mkubwa wangu sikujua kwamba harakati nzima ilishaungama.

Cape Town mwaka 2010, kwenye mkutano mwingine wa harakati hiyo ya Lausanne, wakarudia kwa maneno mengine: kanisa linakua haraka sehemu nyingi lakini kwa kina kifupi, na viongozi wengi wanatumia nafasi zao kutafuta mamlaka, ukubwa na mali. Wakasema dawa ya kiongozi aliyeanguka haipatikani kwa semina za uongozi peke yake. Aanze kwanza kuwa mwanafunzi wa Kristo mwenyewe.

Kwa hiyo toba ya kwenye makaratasi tunayo ya kutosha. Tunachokosa ni mtu anayekaa karibu na kiongozi, mwenye haki ya kumuuliza "hizi namba umezitoa wapi," na kesho yake bado ana kazi. Kila nikisikia watu wanaombea uamsho mpya huwa najiuliza kama wanataka hilo pia liamke.

Karibuni.

MSOMAJI KIMYA

Nimeketi mbele kabisa. Endeleeni.

MZEE WA KWAYA

Fundi, umeandika vizuri, ila usitupe namba zote jalalani. Luka alihesabu. Pentekoste watu wapata 3,000, sura ya nne ya Matendo wanaume wameshafika kama 5,000. Kamati isiyohesabu haijui inunue Biblia ngapi wala iandae walezi wangapi. Na mfadhili ana haki ya kujua sadaka yake imefanya nini.

Halafu hilo la wanakwaya umeniumbua. Mimi nimenyoosha sana.

FUNDI MAHEMA

Hahaha, Mzee umesamehewa.

Luka namkubali. Lakini soma mstari: anahesabu waliolipokea neno wakabatizwa, na papo hapo anakwambia walidumu katika fundisho, ushirika, kuumega mkate na kusali. Namba yake imefika hadi mezani kwa watu. Yetu inaishia pale taa za jukwaa zinapozimwa. Mara ngapi umeona ripoti ya miezi sita baadaye? Mimi katika miaka saba sijaandika hata moja, na sijawahi kuombwa.

BINTI WA BALOKOLE

Mimi nimelelewa na bibi wa uamsho, mmoja wa balokole, yaani waliookoka kwa Kiganda, kwa hiyo hapa naingia na viatu vyote.

Mnaongea kana kwamba kiongozi anayeulizwa ni kitu cha kubuniwa. Uamsho wa Afrika Mashariki ulikuwa hivyo. Mwaka 1929 daktari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya Gahini, Rwanda, alikutana na Simeoni Nsibambi kilimani Namirembe, Kampala. Church alikuwa amechoka na amevunjika moyo. Wakakaa na Biblia zao, wakaomba. Mmoja mmisionari, mwingine mlei Mwafrika, katika enzi za ukoloni, wakaungamiana kama ndugu. Moto ulioenea miaka ya 1930 ulitoka huko.

Ofisi kuu haikuwepo wala mwenyekiti wa maisha. Kulikuwa na kundi la ushirika, unakaa duara, unatembea nuruni, yaani hufichi dhambi yako. Bibi yangu alikuwa akieleza jinsi padre alivyosimama mbele ya mpishi wake akasema, "Ndugu, jana nilikukaripia kwa kiburi, naomba unisamehe." Mpishi naye hakusema "aa baba, hakuna neno." Alisema, "Kweli ulinikaripia. Damu ya Yesu inatosha." Kisha wote wakaimba Tukutendereza, wimbo wa uamsho. Bibi akifika kwenye yale majibu ya mpishi alikuwa anapiga goti lake kwa kiganja, kama mtu anayekumbuka siku aliyolipwa deni lake.

Huyo mpishi ndiye mkaguzi unayemtafuta, Fundi.

Ila nisiwape asali tupu. Wakubwa wa kanisa wengi hawakupenda. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, kiliwafukuza wanafunzi zaidi ya 20, William Nagenda akiwamo. Na wenyewe balokole walikuwa na ukali wao. Kulikuwa na watu waliosukumwa kuungama hadi wakaungama wasilolitenda, na aliyeonekana amepoa alitengwa kimyakimya, salamu inakuwa fupi. Baadaye wakagawanyika wao kwa wao. Kuulizana kukigeuka upelelezi kunaumiza vilevile. Mama yangu hakuwahi kuokoka kwa sababu hiyo, na hilo bibi hakulizungumzia.

CHUMVI KIDOGO

Huku kwetu siku hizi ukiuliza unajibiwa "msiwaguse masihi wangu." Ukitaka kuona hesabu za huduma una roho ya Yezebeli. Ukinyamaza una roho ya unyenyekevu. Mimi nimeshashikwa na roho nne tofauti mwaka huu.

MWANA WA ANTIOKIA

Naongeza upande ambao haujaguswa: nani anaruhusiwa kuwa kiongozi tangu mwanzo.

Edinburgh mwaka 1910, mkutano mkubwa wa umisheni chini ya John Mott, wajumbe kama 1,200. Wa Asia hawakufika 20. Mmoja wao, Azariah wa India, akawaambia wazi kwamba kizazi kijacho kitawashukuru wamisionari kwa kujitoa kwao, mali zao na hata miili yao, lakini tunaomba na upendo, tupeni marafiki. Miaka miwili baadaye akawa askofu wa kwanza Mhindi wa Kianglikana.

Na kabla yake, Samuel Ajayi Crowther, Myoruba wa nchi ambayo leo ni Nigeria. Aliuzwa utumwani akiwa mtoto, akaokolewa na manowari ya Kiingereza, akawa askofu mwaka 1864. Wazo la Henry Venn, katibu wa chama cha umisheni cha Kianglikana, wakati ule lilikuwa zuri: kanisa lijitawale, lijitegemee, lijieneze. Venn akafa. Likaja kundi la wamisionari vijana wenye ari ya utakatifu, na mwaka 1890 wakaikagua kazi ya mzee kule kwenye mto Niger, wakawasimamisha watumishi wake mbele yake. Crowther akafa mwisho wa 1891, mrithi wake akawa Mzungu. Sasa wale vijana walijiona ndio uamsho! Walikuwa wanauliza maswali, Fundi, tena kwa jina la usafi. Hawakuwa tayari kuulizwa.

Kwa hiyo mimi nasema kuuliza peke yake hakutoshi. Angalia swali linatoka wapi kwenda wapi. Likitoka juu kwenda chini kila siku, huo ni utawala tu.

Leo Afrika kusini mwa Sahara ina karibu asilimia 31 ya Wakristo wote duniani kwa takwimu za kituo cha utafiti cha Pew za mwaka 2020, Ulaya asilimia 22. Mezani viti vimebadilika, nakubali. Katibu mtendaji wa kwanza wa kamati ya Lausanne alikuwa Gottfried Osei-Mensah wa Ghana, mhandisi kwa masomo. Lakini mwenye kulipia ukumbi bado ana sauti yake. Mchungaji John Gatu wa Kenya mwaka 1971 alipendekeza wamisionari na fedha za nje visimame kwa muda ili makanisa yajipate. Watu waliruka juu wakidhani anafukuza injili. Miaka mitatu baadaye Agano la Lausanne, kifungu cha 9, likakubali kwamba pengine ni lazima kupunguza wamisionari na fedha za kigeni mahali fulani ili kanisa la mahali likue. Hoja yake iliingia mlango wa uani.

FUNDI MAHEMA

Mwana wa Antiokia, hilo la Crowther limenikalisha chini. Nilikuwa nafikiria swali kama kitu kisafi chenyewe. Siyo.

Nikuulize, maana unaonekana umeisoma Lausanne kuliko mimi: mkutano wa 1974 na ule wa 2024 unailinganishaje?

MWANA WA ANTIOKIA

Swali zuri. Mwaka 1974 rasimu ya agano iligawiwa kwa wajumbe wakiwa pale pale mkutanoni. Yakarudi maoni kwa mamia. John Stott, mchungaji Mwingereza aliyeongoza uandishi wa agano, na kamati yake ndogo, akiwamo Samuel Escobar wa Peru, wakawa wanakesha kuyapitia na kurekebisha. Wakati huohuo kikundi cha wajumbe walioona habari ya haki na maskini imepewa nafasi finyu, akina René Padilla wa Ekuado, wakaandika tamko lao la pembeni. Stott angeweza kuwapuuza. Alikwenda kwao, akalipokea. Kifungu cha 5 kuhusu wajibu wa kijamii kikatoka na nguvu ambayo watu wa Graham wengi hawakuitarajia. Hata Ruth, mke wa Graham, hakutia sahihi, kwa sababu ya maneno kuhusu maisha ya kadiri. Alimwambia Stott wazi: wewe kapera wa vyumba viwili, mimi nina watoto watano. Akabaki na msimamo wake, na urafiki ukaendelea. Napenda sana kisa hicho.

Septemba 2024 Korea Kusini, Incheon, watu zaidi ya 5,000. Tamko la mkutano huo, Tamko la Seoul, likatolewa mwanzoni mwa mkutano likiwa limeshakamilika. Wajumbe waliolalamika hawakuwa wote na mawazo mamoja, wengine walitaka liwe kali zaidi, wengine laini zaidi, lakini waliungana kwenye moja: mmetuita tuje kusikiliza au kushauriana? Na Ruth Padilla DeBorst, binti wa yule yule Padilla, alipohubiri kuhusu haki akagusa mateso ya Wapalestina, waandaaji wakawaandikia wajumbe barua ya kuomba radhi kwa hotuba yake. Mwaka 1974 baba alipingwa na bado akaachiwa nafasi. Mtu apime mwenyewe.

Sisemi 2024 hakukuwa na mema. Watu waliomba, walikutana, kazi nyingi zitazaliwa pale. Nasema tu utaratibu wa kupokea swali ulikuwa mwembamba kuliko wa nusu karne nyuma, na sasa tuna mitambo ya kukusanya maoni ambayo Stott hakuiota.

CHUMVI KIDOGO

Kuhusu bodi, maana kuna mtu atasema "tutaunda bodi." Ravi Zacharias, mhubiri mashuhuri wa kutetea imani, alikuwa na bodi. Alifariki Mei 2020, mwezi Februari 2021 uchunguzi ulioagizwa na huduma yake yenyewe ukathibitisha unyanyasaji wa kingono wa miaka mingi. Mwaka 2017 mwanamke mmoja alikuwa ameshasema, na huduma ikasimama na mwanzilishi wake. Majina ya wanabodi hayakuwa wazi kwa umma. Bodi isiyojulikana inamuuliza nani, na inaulizwa na nani? Hapo sina utani.

MCHUNGAJI MSTAAFU

Wanangu, nimewasoma wote. Nina miaka 41 ya utumishi, naomba nisikilizwe na mimi.

Mnamzungumzia kiongozi kama mwizi anayesubiri kukamatwa. Wako hao. Lakini wengi niliowazika walikufa kwa kuchoka na upweke. Evan Roberts wa Wales alikuwa na miaka 26 uamsho ulipoanza mwaka 1904. Inakadiriwa watu 100,000 walimgeukia Mungu kwa kipindi kifupi sana. Kila kijiji kilimtaka yeye. Kufika 1906 alikuwa amevunjika mwili na akili, akahifadhiwa nyumbani kwa familia moja Leicester, Uingereza. Aliishi hadi 1951, na hakurudi tena kuwa yule. Makosa yake mimi sioni kuwa ya fedha. Hakuwa na mtu wa kumwambia "leo huendi, lala."

Mimi nilikuwa na mzee mmoja wa kanisa, fundi seremala, asiyesoma sana. Kila Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi anabisha hodi. Swali lake lilikuwa moja: "Mchungaji, umeomba kwa ajili yako mwenyewe, au umeomba kazini tu?" Miaka ya mwanzo nilimchukia. Nikijua anakuja nilikuwa naacha taa imezimwa. Anakaa kibarazani, ananisubiri. Alipokufa nilikaa miezi nikiamka Jumatatu nikisikiliza mlango.

Mkimtafutia kiongozi mtu wa kumuuliza, mtafuteni anayempenda. Mengine kamati itamaliza.

BINTI WA BALOKOLE

Baba, umeniliza kazini.

MZEE WA KWAYA

Shikamoo mchungaji. Huyo seremala ndiye aliyekosekana kwa mkubwa wa Fundi. Lakini Fundi, na wewe tukuulize kwa upendo huo huo. Ulijua namba ni za uongo. Ulibaki miaka miwili. Kwa nini?

FUNDI MAHEMA

Nilijua hili litakuja, na nilitaka lije.

Kwa sababu mshahara wangu ulitoka kwenye ripoti ile. Mfadhili akiona maelfu anatuma tena, akituma tena mimi nalipwa. Nilikuwa na mtoto anaanza sekondari. Nilijiambia nabaki ili nirekebishe mambo kutoka ndani, na katika miaka ile miwili sikurekebisha hata nukta. Nilichofanya ni kuacha kuzisoma ripoti zikishatoka, ili nisijue.

Mkubwa wangu sikumuuliza tena. Na nikiwa mkweli zaidi, kuna mikutano miwili niliyoandika ripoti mimi mwenyewe, kwa kuwa yeye alisafiri. Niliandika "mamia kwa mamia." Sikuandika namba, nikajiona nimekwepa uongo. Daftari ninalo hadi leo, hesabu halisi zimo kwa mwandiko wangu.

MCHUNGAJI MSTAAFU

Umesema nuruni, mwanangu. Damu ya Yesu inatosha. Daftari usilichome.

CHUMVI KIDOGO

Mimi leo sina la kuongeza. Andikeni tarehe.

DADA WA KADI

Nimejiunga jukwaani leo kwa ajili ya uzi huu, mnisamehe kwa ugeni. Mimi ni katibu wa kazi ileile aliyokuwa nayo Fundi, huduma nyingine, ndogo. Tulipata shida hiyo hiyo na nitaeleza tulivyofanya, msinipigie makofi maana bado ina mashimo.

Tuliondoa hesabu mikononi mwetu. Kadi zinaandikwa nakala mbili, moja inakwenda kwa makanisa yaliyoshiriki usiku uleule. Sisi haturuhusiwi kutangaza idadi yoyote jukwaani wala mtandaoni. Baada ya miezi mitatu makanisa ndiyo yanatuandikia: huyu tumempata, huyu simu haipatikani, huyu alikuwa wetu tangu zamani, huyu anahudhuria. Hizo ndizo zinazoingia kwenye ripoti, na nakala ya ripoti inarudi kwa makanisa kabla haijakwenda kwa mfadhili, ili wakatae wakiona tumetia chumvi.

Shimo la kwanza: makanisa mengine hayajibu, na mengine yanasema "wote wapo" bila kuwatafuta. La pili: mfadhili mmoja alituacha. Mwinjilisti wetu alilichukua vibaya mwanzoni, alikaa wiki mbili bila kupokea simu zangu. Sasa ndiye anayenikumbusha tarehe.

Ripoti ya kwanza ya namna hiyo nilipoipeleka ichapwe, kijana wa pale alinipigia jioni. Akaniuliza, "Dada, hapa kwenye waliookoka umeandika 23. Kuna sifuri imeanguka?"